Nagona Si Mali ya Vyuo Vikuu

Barabara ya Mombo kwenda Lushoto, katika milima ya Usambara mkoani Tanga, ina urefu wa kilomita 33 tu, lakini anayeipanda kwa mara ya kwanza hushuka garini akiapa kwamba ni mara mbili ya hapo. Gari linaacha mkonge na joto la bondeni, linaanza kuzunguka. Bonde lililokuwa kulia linahamia kushoto. Mto ulioachwa chini unatokea tena mbele. Soni ikifika, masikio yameshaziba. Na kutoka Lushoto kwenda Mlola mambo ni yale yale: kilima kinazungukwa, hakivukwi, na nyumba unayoiona hapo ng'ambo, ukadhani ukiita utaitikiwa, inataka nusu saa nzima ya mguu.

Kiswahili kina neno la njia za namna hii: mzingile. Euphrase Kezilahabi alilichukua mwaka 1991 akalifanya jina la riwaya yake ya sita, iliyoifuata Nagona ya mwaka 1990. Zote mbili zilitolewa na Dar es Salaam University Press, zote mbili ni nyembamba kiasi cha kuingia mfuko wa koti, na zote mbili zimewagawa wasomaji wa Kiswahili kuliko vitabu vinene mara nne yake. Wapo wanaoapa kwamba lugha hii haijapata kitabu kikubwa kuliko hivyo viwili. Wapo waliofika ukurasa wa kumi wakakifunga, wakakirudisha kwa mwenyewe, wakaulizwa "vipi?", wakajibu "kizuri" huku wakiangalia pembeni.

Huyu wa mwisho ndiye anayestahili kutetewa kwanza. Hakudanganya kwa ubaya. Alikwisha kufundishwa tangu darasani kwamba kitabu kikimshinda, mwenye kosa ni yeye.

Nagona inasimuliwa na msafiri. Ametoka wapi, hasemi vizuri. Anakwenda wapi, naye pia hana hakika. Anapita katika mji wa kimya. Anakutana na watu wanaomjibu kwa namna ya kumwongezea maswali. Yupo paa anayefuatiliwa na hakamatiki, ipo Ngoma Kuu inayosubiriwa, na humo humo njiani wanatokea wakubwa wa fikra wa Ulaya, akina Nietzsche, Darwin, Marx na Freud, kama vile mtu anavyokutana na wazee wa kijiji kwenye kilinge. Sura moja haikabidhi sura inayofuata mkononi. Unatoka chumba kimoja unajikuta katika kingine, na mlango ulioingilia huuoni. Mzingile inaendelea na safari hiyo, ikiwa na Kakulu, kiumbe ambaye hata kuzaliwa kwake ni kisa cha maajabu.

Mtu aliyezoea riwaya ya Shafi Adam Shafi, ambamo Yasmini ana mume asiyempenda na msomaji anataka kujua ataishia wapi, atauliza kwa haki kabisa: sasa hapa nishike nini?

Swali hilo limeulizwa duniani kote tangu waandishi walipoanza kuacha kisa kiende kama fikra zinavyokwenda kichwani, bila kupangwa. William James, mwanasaikolojia wa Marekani, mwaka 1890 aliifananisha akili ya binadamu na mto unaopita, na wahakiki wakalibeba wazo hilo hadi kwenye riwaya; kwa Kiswahili wengi husema mkondo wa fahamu. James Joyce alitoa Ulysses huko Paris tarehe 2 Februari 1922, siku moja tu ya mji wa Dublin iliyojaa mamia ya kurasa. Marekani waliizuia mpaka hukumu ya mahakama ya mwaka 1933. Virginia Woolf, aliyekuwa mwandishi mwenzake na si mtu wa kuogopa maneno magumu, aliisoma akaichukia, na shajara yake haifichi. Halafu mwaka 1925 akatoa Mrs Dalloway, riwaya ya siku moja ya mji wa London inayopita ndani ya vichwa vya watu. Kuchukia kitabu na kujifunza kwacho vinaweza kukaa ndani ya msomaji mmoja, tena ndani ya miaka mitatu tu.

Kwa kipimo kikali, Nagona si mkondo wa fahamu wa Joyce. Iko karibu zaidi na ndoto. Kitabu cha Kezilahabi kilicho karibu na mkondo wenyewe ni Kichwamaji cha mwaka 1974, ambamo Kazimoto, mwanafunzi wa chuo kikuu aliyerudi kwao, anajisemesha na kujisuta mpaka anajimaliza. Hapo msomaji anakaa ndani ya kichwa cha mtu mmoja, lakini nje ya kichwa hicho bado kuna ziwa, kuna wazazi, kuna harusi na msiba. Katika Nagona ukuta kati ya ndani na nje umebomolewa. Huwezi tena kusema hili lilitokea na hili aliliwaza.

Kichwamaji nacho kiligawa watu. Kilitoka miaka saba baada ya Azimio la Arusha, wakati ambapo fasihi ilitarajiwa kushika jembe na kujenga taifa, na hapa anakuja kijana wa Ukerewe na mhusika msomi asiyeona maana ya kuishi. Wahakiki wakamwita mwandishi mtu wa kukata tamaa. Kabla ya hapo Rosa Mistika, riwaya yake ya kwanza ya mwaka 1971, ilikuwa imeshapigwa marufuku mashuleni kwa kusema waziwazi yanayowapata wasichana. Na mwaka huo huo wa 1974 alitoa Kichomi, diwani ya mashairi yasiyofuata vina na mizani, na ugomvi wa washairi ukawaka ambao moshi wake haujaisha. Katika mkoa wa Tanga, mkoa wa Shaaban Robert, shairi lisilo na vina lilisikika masikioni mwa wengi kama ngoma isiyo na ngozi.

Jambo la kuchekesha ni kwamba katika ushairi Kezilahabi alivunja vina ili mashairi yasogelee lugha ya kila siku. Miaka kumi na sita baadaye mtu huyo huyo anatoa riwaya ambayo hata maprofesa wanaikunia vichwa. Mikhail Gromov, mtafiti wa Kirusi wa fasihi ya Kiswahili, mwaka 1998 aliandika makala iliyouliza katika kichwa chake chenyewe kama Nagona na Mzingile ni riwaya, ni hadithi, au ni fumbo la mafunzo. Lutz Diegner wa Ujerumani ameisoma Nagona kwa kuiweka pamoja na Ziraili na Zirani ya William Mkufya, akifuatilia jinsi vitabu vinavyozungumza na vitabu vingine. Alena Rettová amemsoma Kezilahabi kama mwanafalsafa anayefanya falsafa yake kwa Kiswahili. Wasomi watatu, usomaji wa namna tatu, na hakuna aliyefukuzwa darasani.

Basi kwa nini mwanafunzi wa Mlola akija na usomaji wa namna ya nne apewe sifuri?

Hapa ndipo ugonjwa ulipo, na haukuanzia kwa Kezilahabi. Riwaya katika shule zetu inafundishwa kama shamba la viazi: unachimba dhamira, unazihesabu, unaziweka kwenye magunia mawili, moja limeandikwa "maudhui" na jingine "fani". Takadini ina dhamira zake, Watoto wa Mama N'tilie ina zake, Joka la Mdimu ina zake, na kijana anaweza kuzitaja zote kwa mpangilio bila kuwa amefungua hata kitabu kimoja, kwa sababu notisi zinauzwa na kunakiliwa, na zinatosha kufaulia. Vitabu hivyo vitatu ni vizuri na havina kosa. Lakini mtu aliyesoma kwa jembe hilo akikutana na Nagona, jembe linagonga mwamba. Anahitimisha kwamba shamba ni bovu, au mkono wake ni dhaifu. Wazo kwamba labda pale hapalimwi, panatembewa tu, halimjii, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumtembeza.

Zipo shutuma nyingine zinazopaswa kujibiwa. Ya kwanza inasema Nagona ni kitabu cha Kizungu kilichovalishwa kanzu, kwa ushahidi wa hao akina Nietzsche. Ina ukweli kidogo. Kezilahabi alipata udaktari wake mwaka 1985 katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, kwa tasnifu juu ya falsafa ya Kiafrika na tatizo la kufasiri fasihi, na asingeweza kuandika kana kwamba hakusoma alichosoma. Lakini msomaji wa Tanga ana haki ndogo sana ya kulalamika hapa. Yeye amelelewa na Kusadikika ya Shaaban Robert, nchi inayoelea angani, na Kufikirika, ambayo nayo haimo katika ramani yoyote. Hakuna mzee wa Tanga aliyewahi kudai nauli ya kwenda Kusadikika. Na Kezilahabi si mgeni wa njia hiyo: tasnifu yake ya uzamili ya mwaka 1976 ilimhusu Shaaban Robert mwandishi wa riwaya.

Shutuma ya pili ni nzito zaidi, nayo husemwa kwa sauti ya huruma: kitabu hiki ni cha wasomi, mwananchi wa kijijini hakimfai. Huyu mwananchi wa kijijini ametumika kama sababu ya kufunga milango mingi. Ni vizuri kumwendea.

Mwaka ule ule Nagona ilipotoka, 1990, shirika la uchapishaji la Chuo Kikuu cha Wisconsin, chuo kile kile alikosoma Kezilahabi, lilitoa kitabu cha mwanahistoria Steven Feierman kiitwacho Peasant Intellectuals, yaani wakulima wenye fikra. Wakulima wenyewe ni Wasambaa wa milima hii. Feierman alikuwa ameishi Usambara miaka ya 1960 akisikiliza, na alichokionyesha ni kwamba watu wa jembe hapa wamekuwa wakibishana kwa vizazi juu ya maneno mawili ya Kisambaa, kuzifya shi na kubana shi, kuiponya nchi na kuiharibu nchi: mvua inanyesha kwa heri ya nani, njaa inaletwa na utawala wa namna gani, na lini mtawala ameacha kuwa mponya akawa mharibifu. Wakoloni walipoleta amri za kilimo cha matuta, ubishi huo ukaingia mpaka mashambani. Watu waliobishana juu ya maneno mawili kwa miaka mia na zaidi hawahitaji kulindwa dhidi ya riwaya ngumu.

Kabla ya hapo, mwaka 1974, Feierman alikuwa ametoa historia ya ufalme wa Wasambaa, na mwanzoni mwake amekipima kisa cha Mbegha katika masimulizi yake mbalimbali. Kisa chenyewe kiliandikwa kwa Kiswahili zamani na Abdallah bin Hemedi katika Habari za Wakilindi: mwindaji wa nguruwe mwitu kutoka Nguu, kigego aliyeanza kuota meno ya juu, anayefukuzwa kwao, anaingia Usambara na mbwa wake na nyama yake, na mwisho anaketi Vugha akiwa mfalme. Kila upande wa milima una namna yake ya kukisimulia. Huku simba aliyemo katika kisa ndiye mkubwa, kule nyama ndiyo yenye maana, kwingine maneno ya wazee. Wasikilizaji hawakuwahi kukaa kikao cha kuamua kipi ndicho jibu la mtihani.

Tufanye basi jaribio la kichwani. Ni jioni ya Juni, ukungu umeshuka Mlola mpaka vizingitini. Jikoni kuni zinatoa moshi kwa sababu zimelala nje, viazi vimo sufuriani. Kijana wa kidato cha tano yuko likizo, ameazima Nagona, anaisoma kwa sauti kwa kuwa taa ni moja na watu ni watatu. Anasoma ukurasa mmoja, wa pili, wa tatu, anafunga.

"Babu, kitabu hiki hakina dhamira."

"Dhamira ndiyo nini, mjukuu wangu?"

"Lile ambalo mwandishi anataka tujifunze."

"Yeye mwenyewe kasema anataka mjifunze?"

Kijana ananyamaza. Mzee anavuta kigoda karibu na moto. "Hebu rudi pale pa yule paa. Anamfuata ana mbwa au hana?"

"Hana."

"Basi hataki kumuua. Asiye na mbwa anamfuata mnyama amwone tu."

Shangazi yake kijana, anayechoma kiazi kwa ncha ya kisu kuona kama kimeiva, hajageuka. "Mwanaume anazunguka hivyo dunia nzima, na kwao hakuna anayeuliza kala nini? Mimi huyo simwamini."

Jaribio ni la kubuni, lakini kila aliyewahi kusoma kitabu kwa sauti mbele ya wakubwa zake anajua kwamba mazungumzo huenda hivyo. Mzee ameisoma Nagona kwa uzoefu wa uwindaji, na swali lake la mbwa linafika mbali kuliko notisi nyingi: kama paa ni ukweli, kuna tofauti ya kumfuata ili umkamate na kumfuata ili umwone, na riwaya nzima inaning'inia juu ya tofauti hiyo. Shangazi ameuliza swali ambalo wahakiki wachache wanalipa uzito, la nani anabaki nyumbani wakati wanaume wa vitabuni wanatafuta maana ya maisha. Na kijana hakukosea kuhusu dhamira. Kweli haimo, kwa namna ile aliyofundishwa kuitafuta.

Hapo kuna jambo jingine linalosahaulika. Kezilahabi alizaliwa Namagondo, Ukerewe, mwaka 1944, na lugha ya mama yake ilikuwa Kikerewe. Kiswahili alikipata baadaye. Watu wa Mlola nao hulala na kuota kwa Kisambaa, wakaenda shule kwa Kiswahili. Mwandishi na msomaji wanakutana katika lugha ambayo wote wawili walisafiri kuifikia. Msomaji wa namna hiyo haogopi sana sentensi isiyojieleza mara moja. Amezoea tangu utotoni kusikia neno, kulibeba siku mbili, na kulielewa sokoni siku ya tatu kutoka mdomoni mwa mtu mwingine.

Hili lisichukuliwe kuwa ni kusema kila mtu lazima aipende Nagona. Makala haya yenyewe yana manung'uniko. Kuna kurasa ambamo majina ya wanafalsafa yanarundikwa bila kupewa damu, na anayewajua akina Freud kwa jina tu hapati cha kutafuna. Kuna wanawake wanaobebeshwa maana kubwa kuliko wanavyopewa maneno ya kusema. Shangazi wa Mlola yuko sahihi. Kichwamaji, kwa macho ya mtu anayependa kuona vumbi la njia na kusikia watu wakigombana, ni kitabu kilichokamilika zaidi. Said Ahmed Mohamed, katika Babu Alipofufuka ya mwaka 2001, na Kyallo Wadi Wamitila wa Kenya, katika Bina-Adamu! ya mwaka uliofuata, waliingia katika uwanja huo huo wa ndoto na safari wakiwa na ucheshi ambao Nagona haina. Msomaji anayeanza na hao, kisha akarudi kwa Kezilahabi, hajakosea njia.

Kinachokataliwa hapa ni kuamua kwa niaba ya watu. Mtaala wa sekondari umejaa vitabu vinavyojieleza vyenyewe, na vile visivyojieleza vimeachiwa wanafunzi wa chuo kikuu, ambao wengi wao wanavisoma kwa sababu vina alama. Nafasi ya kitabu kigumu kusomwa bila mtihani, na mtu aliyechoka kutoka shambani, kwa sauti, na wengine wakikatiza, haijajaribiwa vya kutosha hata kusemekana imeshindikana. Gharama yake si kubwa. Mwalimu mmoja wa Kiswahili, kipindi kimoja kwa wiki ambacho hakitahiniwi, kurasa tatu kwa siku moja. Maswali yatoke kwa wanafunzi, na mwalimu awe na ruhusa ya kusema "hapa na mimi sijui". Walimu wengi wangelifurahia ruhusa hiyo kuliko nyongeza ya mshahara. Au tuseme, pamoja na nyongeza ya mshahara.

Kezilahabi alifariki Dar es Salaam tarehe 9 Januari 2020. Vitabu vyake vikubwa vya mwisho havipatikani kirahisi madukani, na nakala nyingi zilizobaki ziko kwenye rafu za watu waliovinunua wakiwa chuoni na hawajavigusa tangu siku ya mahafali. Mwenye nakala hiyo, na ana ndugu Mlola, Soni au Mlalo, mabasi ya Lushoto yanapokea vifurushi kila asubuhi.